Salamu za Bi Msimu

Mlango ulivunjika kwa teke la pili, kabla yeyote hajabisha hodi. Hamida akaingia nyuma ya majirani. Bi Msimu aliishi peke yake, na kila alfajiri aliwaamkia wote kwenye ukurasa wa mtandaoni wa mtaa. Tangu juzi, kimya.

Hamida ndiye aliyeusimamia ukurasa huo. Wiki ile alikuwa ameamua kuupa hadhi, akauwekea kichujio: matusi yasipite, umbea usipite, wala salamu tupu zisizo na habari. Watu walimpongeza sana.

Bi Msimu alikuwa ameketi kitandani, mzima, simu mapajani. Aliutazama mlango wake uliolala sakafuni, kisha nyuso zao.

"Mama, tulidhani umetutoka," alisema Shomari, yule aliyepiga teke. "Mbona kimya?"

"Kimya mimi?"

Akamgeuzia simu. Salamu zake zote zilikuwemo, moja chini ya nyingine, kila moja na ua jekundu mwishoni. Hakuna aliyeitikia hata moja.

"Nikawa najiuliza nimewakosea nini," alisema taratibu.

Shomari akafungua simu yake, akatafuta, akatafuta tena. Salamu hazikuwemo. Akageuka kumtazama Hamida, na wengine wote wakageuka.

"Ni mimi niliyezizuia," alisema Hamida. Halafu akapiga goti. "Shikamoo, mama."

Bi Msimu akainuka, akampita, akaanza kuokota vipande vya mlango.