Uvimbe wa Mama Mkwe

"Sivui," alisema Mama Anastazia, mikono yote miwili kwenye vifungo vya blauzi yake.

Daktari Damari aliweka kalamu chini. Ilikuwa saa nane mchana, na nje benchi bado lilikuwa limejaa wanawake.

Eliza alikuwa hoi. Walitoka Mtinko alfajiri, mtoto mgongoni, alizeti zikipukutika shambani, yote kwa ajili ya uvimbe ambao mama mkwe alidai anao kwenye titi na hakukubali mtu auguse. Binti zake wawili walijitolea kumleta, akawakataa. Alimtaka Eliza, na Eliza tu. Tenda wema uende zako, wanasema; yeye hakuachiwa hata pa kwenda.

"Mama, saratani haingoji," daktari alisema kwa upole. "Ndani ya uvimbe kuna jeni zilizolala. Moja ikiamka huamsha nyingine, na uvimbe wa leo unakuwa mkali kuliko wa mwezi uliopita. Ukiwahi, tunautibu. Ukichelewa, unasambaa."

Mama mkwe alimgeukia Eliza. "Umesikia, mama Dina?"

"Unaambiwa wewe, mama."

Mtoto alianza kulia. Eliza akampa titi la kulia.

"La kushoto bado analikataa?"

"Mama, jamani! Tumekuja kwa ajili yako."

Machozi yalimlenga. Alimpenda mama huyu, na aliogopa kumzika kwa sababu ya aibu ya vifungo vinne.

"Basi mpime huyu kwanza," alisema mama mkwe, "nione mnavyofanya."

Eliza hakuwa na nguvu ya kubishana. Alimkabidhi mtoto, akafungua gauni, akalala kitandani na kufumba macho. Angalau alipata pa kunyoosha mgongo.

Daktari alipapasa upande wa kulia, akahamia kushoto. Vidole vikasimama. Vikaondoka, vikarudi palepale.

"Na wewe, mama," aliuliza taratibu, bila kuondoa mkono, "wa kwako uko upande gani?"

"Mimi sina kitu, daktari." Mama Anastazia alimpakata mjukuu wake vizuri. "Nilipokuwa namkanda maji ya moto baada ya kujifungua, nikaugusa huo hapo. Ningemwambia, angesema tuvune kwanza."