Bakuli la Ngusa

Ngusa alitapika kwa mara ya tatu, kisha akakifungua tena kile kitambaa chekundu ahakikishe. Mavi ya fisi yaliyosagwa, nywele, na vipande vya kucha. Kucha za nani, hakutaka kujua. Alichojua ni kwamba amemfuma mkewe, Martina, akiyanyunyiza kwenye bakuli lake la dagaa, na dagaa hao kila siku alikuwa akiwala mpaka analamba vidole. Pfuu!

Mambo yalianzia redioni. Juzi, pale kwenye karasha la Kharumwa ambako Ngusa husaga mawe ya dhahabu, daktari mmoja alieleza kuwa mapenzi ni kemikali za ubongo tu. Moyo kwenda mbio, usingizi kupaa, vyote hivyo, alisema, kwa watu wengi hupoa ndani ya miaka mitatu. Wenzake walicheka. Ngusa hakucheka. Yeye alikuwa na mwaka wa tisa, na bado akisikia ndala za Martina uani tumbo linamcheza, kama siku ile alipompelekea baba mkwe ng'ombe kumi na wanne wa mahari kule Kishapu.

Hili si la kawaida, akawaza. Nalishwa kitu. Ndipo leo akarudi mchana bila taarifa, akachungulia jikoni.

"Miaka tisa unanilisha uchafu huu?" alifoka, mate bado machungu.

Martina hakukana. "Umechukia, Baba Blessing?"

"Nimechukia? Nanuka fisi mpaka tumboni!"

"Basi nifukuze." Alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. "Sema kwa sauti, majirani wasikie."

Aibu imemshika, Ngusa akajisemea. Na hapo hapo, kinyaa kikiwa bado hakijamtoka, tumbo likamcheza tena. Alijichukia. Hata kumfukuza mtu aliyemlisha mavi hawezi! Mapenzi gani haya ya kupikwa sufuriani? Alitaka dawa hiyo itolewe mwilini mwake leo leo, ajue kama moyoni kuna chochote kilicho chake mwenyewe.

Vitambaa vyekundu vya namna ile mjini pale alikuwa navyo mtu mmoja tu, Bibi Paskazia, mganga wa mnadani. Ngusa alimkuta kakaa kwenye mkeka wake. Hata shikamoo hakutoa. Alimtupia kitambaa mapajani.

"Hii ni yako?"

Bibi alinusa bila kukunja pua. "Yangu. Nampa mkeo."

"Nitoe hii dawa ya mapenzi! Sitaki kumpenda mtu kwa mavi ya fisi."

"Ya mapenzi?" Bibi aliduwaa. "Mjukuu wangu, hii ni ya kumfanya mume akuchukie. Anataka wewe ndiye umfukuze, maana akiondoka mwenyewe baba yake atarudisha ng'ombe. Mwaka wa tisa huu ananisumbua, ati dawa yangu haifanyi kazi."