Saa ya Mapafu

Vumbi la saruji halinitishi. Kiwandani kwetu kila mfanyakazi hutegeshewa saa ya mapafu: king'ora cha kuanza zamu kikilia, kinga huamka, cha kumaliza kikilia, hulala. Tangu niajiriwe sijakohoa kazini.

Nyumbani ndiko kwenye kazi. Jioni kinga imelala, na moshi kidogo tu huyavimbisha mapafu yangu. Ndiyo maana mke wangu Mwanamkuu, mwanamke wa Tanga asiyelala bila kufukiza udi, siku hizi hufukiza asubuhi, mimi nikienda zamu. Tumezoea.

Jana mwanetu alitimiza arobaini. Jioni mama mkwe alileta chetezo amfukize mjukuu wake, kama ilivyo desturi. Mtoto akaanza kuhema vilevile ninavyohema mimi.

"Makubwa! Huyu naye keshaajiriwa?" mama mkwe aliuliza.

Mimi nilicheka.

Leo asubuhi king'ora cha zamu kilipolia, nikiwa mlangoni na sare yangu, Mwanamkuu alimfukiza tena, kumjaribu. Mtoto aliuvuta moshi ule kwa raha, hakukohoa hata kidogo.

"Si unaona?" nikasema. "Mzima kabisa."

King'ora kilikuwa bado kinalia. Mwanamkuu alikuwa anamziba mwanetu masikio.