Wimbo wa Somoe

Kwenye kiwanda cha mkonge, wanawake waliingiza nyuzi kwenye mashine ya kuzisugua kwa kufuata wimbo. Wakiitikia, mikono inaingia. Somoe, mwimbishaji wao, akiimba, mikono inatoka. Mnyapara mpya akakataza kelele.

"Baba, bila wimbo tutakatika mikono," Bi Mize, mmoja wao, alimwonya.

"Kazi ni mikono, siyo midomo!"

Kabla ya adhuhuri mashine ilimla Somoe vidole vinne. Mnyapara akaamuru apakiwe kwenye mkokoteni nje, apelekwe hospitali. Kisha akarudi ndani.

"Haya, imbeni!"

"Mwimbishaji wetu umempakia huko nje," alisema Bi Mize.

Ndipo sauti ya Somoe ikasikika kutoka mkokotenini, imekauka, ikiimba. Wanawake wakaitikia, mikono ikaingia, na mkokoteni ukaanza kuondoka na sauti yake.