Mfuko wa Sweta la Yusta

Kinamama wenzangu, kagueni wenyewe mifuko ya watoto wenu, msimwachie fundi.

Mama mwenye duka hapa Kihesa alimvua binti yake Yusta, wa darasa la sita, sweta la shule mbele ya cherehani yangu. "Nishonee huu mfuko, dada. Sijui huyu anabeba mawe!"

Nikaingiza mkono. Nikagusa kitu laini kama kalamu nene, bado kina joto. Sigara ya umeme, inanukia stroberi. Yusta akaacha kupumua.

Mama yake ndiye aliyeniuzia ya kwanza ya mwanangu, dukani kwake. "Mpe mwanao hii, dada, sigara ataisahau." Nikamshukuru. Leo mwanangu anavuta zote mbili, na akilala kifua kinapiga filimbi mpaka nasikia chumba cha pili.

"Vipi, umekuta mawe?" akauliza huku anacheka, vilevile kama siku ile aliyoniuzia.

Nikamtazama vizuri.

"Hamna kitu, dada."

Nikashona mfuko mara mbili kwa uzi mnene, na kile kitu nikakirudisha mlemle. Yusta akavaa, akapapasa mfuko. Hakuna mtoto aliyewahi kunishukuru kwa macho vile.