Mji wa Bibi

Katika nchi ile ya baridi, mwenye kutaka ukaazi hukabidhi kwanza kumbukumbu ya mji aliozaliwa, ikafutwa kichwani mwake. Mwana na mkwe wa Bi Mwanahawa walishakabidhi. Akikataa yeye, wote wangerudishwa.

Asubuhi ya zamu yake alimwita mjukuu wake Salha, mzaliwa wa hukohuko ugenini.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wangu huja nikiwasha taa, nikizima hukimbia."

"Nimeshindwa, Bibi."

"Nipe mji basi, mvivu we!"

"Nakupa Pangani."

Bi Mwanahawa akafumba macho. "Nimekwenda Pangani, nikala mkate wa mofa, nikabisha mlango wa buluu, mama akanifungulia. Jibu ni kivuli. Umeyashika yote?"

"Nimeyashika."

Jioni Bibi alirudi na kadi mpya ya ukaazi, amechangamka, akatega kitendawili kilekile. Jibu Salha alikuwa nalo, lakini alisema ameshindwa.

"Nipe mji!"

"Nakupa Pangani, Bibi."

Bibi akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyetajiwa jina la jirani asiyemjua.

"Nipe mwingine, mjukuu wangu. Huko nitafikia kwa nani?"