Kisanduku cha Crispín

Don Fulgencio Sit, katibu wa chama cha ukoo wa Sit katika mtaa wa Wachina wa Havana, alimsikiliza mjane huku ameziba pua kwa leso ya hariri. Mjane hakunuka kitu, ila ndizi alizokuwa akikaanga na kuuza pale kona.

"Niachieni mume wangu, Don Fulgencio," Casilda alisema. "Nikifa nizikwe ubavuni pake."

"Mume wa nani? Mke wa Crispín yuko kijijini kwetu Uchina, kachaguliwa na mama yake. Wewe ulikuwa mpishi tu."

"Basi nilipika miaka kumi na minane, na watoto watatu wakaivia humo humo."

Wazee wa chama walikohoa ndani ya vikombe vya chai. Don Fulgencio hakucheka. Mila ni mila: miaka saba imetimia, mifupa ifukuliwe, ioshwe, irudi kwa wahenga. Hata ya Crispín, kijitu kilichokuwa kikikaa kitini miguu inaning'inia.

"Kalala kule kwenye miwa," Casilda alisema. "Kipindupindu kilimchukua siku moja na nyapara Mhispania, yule aliyekuwa akimchapa. Wamezikwa bega kwa bega. Nani atakwenda kufukua?"

Don Fulgencio alizitazama kucha zake ndefu, akalifikiria jua la shambani.

"Kazi hiyo ina watu wake. Kafukue wewe, uoshe wewe. Aliyezoea masufuria hashindwi na mifupa."

Wiki ya pili kisanduku kililetwa. Kifuniko hakikufunga, mfupa wa paja ulikuwa unachungulia nje.

"Mbona karefuka?"

"Kalala miaka saba, Don. Hata wewe ungejinyoosha."

Don Fulgencio alikikalia kisanduku mpaka misumari ikaingia. Ndani hakutazama, mtu mkubwa hachungulii masandukuni.

Mwaka uliofuata barua ilifika kutoka kijijini Uchina. Don Fulgencio aliisoma kwa sauti pale kona, mafuta ya ndizi yakimrukia: ukoo mzima, wazee kwa watoto, umeipigia magoti ile mifupa mara tatu, vipaji vya nyuso vikigusa sakafu. Nguruwe kachinjwa.

"Umeona heshima?" akamwuliza Casilda. "Hapa angepata nini?"

"Maua tu, Don."

Jumapili aliyabeba hadi shambani, akayaweka kwenye kaburi la mumewe. La nyapara, pale ubavuni, lilikuwa shimo tupu.